Gauni moja, mwaka mmoja: shajara ya fundi aliyepunguzwa

Septemba 2024, kabla ya kuanza

Mradi wenyewe ni gauni moja la kitenge nililojishonea kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na mimi ndani yake, ninayekwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke. Vipimo vya leo: kifua inchi 52, kiuno 50, nyonga 56. Mizani inasema kilo 121. Urefu wangu sentimita 158. Daktari kapiga hesabu yake ya uzito na urefu akapata 48 na ushei, na mimi nina kisukari mwaka wa saba huu, presha juu yake. Kwa miaka mingi upasuaji huu walikuwa wanampa mtu aliyefika 40, au 35 akiwa na maradhi kama yangu, na miongozo ya mwaka 2022 imeshusha viwango hivyo. Sikuhitaji kumbembeleza mtu.

Tumbo linakatwa kwa urefu, likabaki jembamba kama mkono wa nguo. Sijatunga mimi, Wazungu ndivyo walivyouita upasuaji wenyewe: mkono wa nguo. Karibu robo tatu au zaidi ya tumbo inatolewa nje, kilichobaki kinafungwa kwa safu za pini ndogo za chuma. Nilimuuliza daktari swali la kifundi: "Akiba unaacha inchi ngapi?" Akacheka. Hakuna akiba. Kilichokatwa hakirudi.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Miaka 19 nashona, sijawahi kukata kitambaa cha mtu bila kuacha akiba ya mshono. Wateja wangu wanapungua na kunenepa kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, na mimi ndiye ninayewapunguzia na kuwaachia. Kwa hiyo sheria ya mradi ni hii: kila nikipungua, gauni linapunguzwa kwa kushikizwa kwa mkono tu. Mkasi haugusi mpaka mwaka utimie.

Bima imekataa kulipa, wanasema ni mambo ya urembo. Kiwanja cha Pongwe kimekwenda.

Majirani wote wameshaamua kwamba naenda "kuweka puto". Nimechoka kueleza. Puto linawekwa kwa kupitia mdomoni, linakaa miezi kadhaa, linatolewa. Mimi nakatwa.

Wiki mbili za kusinyaza ini

Sikujua kwamba ini linahusika. Kwa watu wa uzito wangu ini huwa limejaa mafuta, limevimba, limelalia tumbo, na daktari hawezi kulifikia tumbo bila kulisukuma. Basi wiki mbili hakuna wali, ugali, mihogo wala mkate wa mofa. Mtindi, mayai, mchicha, supu. Siku ya tano asubuhi sukari imeshuka mpaka 3.6, natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nimepiga simu, nikaambiwa moja kati ya vidonge vyangu vya sukari nikiache leo leo, dozi ile ilikuwa ya mtu anayekula sahani ya wali. Anayetumia dawa za kisukari na anakwenda huko, jambo hili aliulize mapema. Mimi niliuliza nikiwa tayari natoka jasho.

Kilo 116.

Jumanne, 8 Oktoba

Dar es Salaam. Matundu matano tumboni, madogo kama ya vifungo, moja kubwa kidogo ndiko kilikopita kile kipande. Linaloniuma ni bega! Muuguzi kanieleza: wanajaza tumbo hewa ili wapate nafasi ya kufanya kazi, inayobaki inakera kiwambo kilicho chini ya mapafu na maumivu yanajitokeza begani. Dawa yake kutembea. Jioni hiyo hiyo akaja: "Mama, inuka." Korido mara tatu, nimeshika mti wa dripu, soksi za kubana mpaka mapajani, na sindano ya pembeni ya kitovu ya kuzuia damu isigande. Sindano hizo naondoka nazo nyumbani, dada yangu atanichoma.

Siku ya 3

Nimeruhusiwa. Karatasi ya maelekezo kurasa nne, Kiingereza kitupu, na aliyenipa alikuwa na haraka. Dada yangu alimzuia mlangoni akaandika upya kwa Kiswahili nyuma ya bahasha. Bahasha hiyo ndiyo iliyotulea, ile karatasi sijui iko wapi. Imeandikwa: *homa, moyo kwenda mbio zaidi ya 100 amekaa kitako, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi hospitali usiku huo huo usingoje asubuhi.* Maana yake huenda mshono umevuja. Ni nadra, lakini inaweza kuua. Nikawa najishika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo mbele ya saa ya ukutani, 88, 92, 86, mpaka shemeji akaniuliza kama nasikiliza redio.

Siku ya 6. Finjani

Tatizo kubwa kwa sasa ni maji. Natakiwa lita moja na nusu kwa siku, na funda la kawaida linaniuma kama nimemeza jiwe. Dada kaleta finjani ya kahawa, ile isiyo na mkono. Tumeipima kwa kikombe cha dawa, inachukua mililita 60. Finjani moja kwa robo saa, mara 25 kwa siku. Tumepanga njegere 25 kwenye kisahani, kila finjani inayokwisha njegere moja inahama. Jana zilihama 14, leo 19. Mkojo umeanza kuwa na rangi ya mkojo.

Njaa hakuna kabisa. Wameniambia homoni inayopiga kengele ya njaa hutengenezwa zaidi kwenye kile kipande kilichotupwa. Lakini hamu ipo, na hamu haikai tumboni. Jirani kakaanga vitunguu vya pilau, nimekaa dirishani kama paka.

Siku ya 15

Nimerudi Tanga. Safari ya zaidi ya kilomita 300 nimekaa, kitu ambacho daktari hakukipenda, kanikubalia kwa sharti la kushuka na kutembea kila panaposimamwa. Mkata nimeshuka. Segera nimeshuka, nimezunguka basi mara mbili, kondakta anapiga kelele "mama wa kitenge tunaondoka".

Wiki ya 3. Mizani imegoma

Kilo 108. Siku 11 hiyo hiyo 108. Nakunywa supu iliyochujwa na maziwa, halafu mizani inanitazama tu. Nilishalia. Nikapiga simu, akanijibu mtu wa lishe bila hata kushtuka: wiki ya tatu karibu kila mtu anagota, mwili unajaza tena maji uliyoyapoteza mwanzoni, weka mizani uvunguni.

Nikachukua futi. Kiuno 46. Inchi nne zimeondoka na mizani haikusema! Nimeshikiza gauni mara ya kwanza, ubavu huu na huu.

Novemba. Dagaa

Vyakula vya kusagwa. Hesabu ya sasa ni protini, gramu 60 kwa siku kwenda juu, ndani ya tumbo linalojaa kwa vijiko vinne. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa 8. Nikaona hii hesabu haifungi, nikafikiria unga wa protini wa madukani, nikaona bei, nikaurudisha kwenye rafu.

Dagaa ndio waliofunga hesabu. Wakiwa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Nawachambua, natoa vichwa, nawakaanga bila mafuta, nawasaga, nachekecha kwa chekecheo la unga. Vijiko viwili kwenye supu ya changu, kijiko kwenye maboga yaliyopondwa, kijiko kwenye mbaazi za nazi zilizopitishwa chujioni (nazi kidogo, tui la pili). Mume wangu ambaye kwa miaka 16 alijua kuchemsha maji ya chai tu, sasa anajua kusaga dagaa. Harufu anaipeleka kwa jirani wa vitunguu.

Mtego ni uji. Unateremka bila shida, kila mgonjwa anapewa uji, kila mgeni analeta uji, na umejaa sukari na unga. Naupokea kwa mikono miwili, watoto wanakunywa.

Nimerudi kwenye cherehani nusu saa nusu saa. Hiki cha miguu hakina neno, ila kukiinua kichwa chake bado marufuku.

Desemba. Mshikaki

Mshikaki mmoja, nyama moja tu, kama kidole gumba. Nilitafuna, lakini nilitafuna kwa kasi ya zamani huku napokea vipimo vya mteja. Ikakwama. Kifua kimebana, mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yenye povu, hayamezeki. Mteja kasimama mikono juu, futi imemzunguka kifua, mimi nimekimbilia uani. Robo saa nzima. Nyama ilipotoka ilikuwa nzima kama ilivyoingia.

Tangu siku hiyo natafuna mpaka chakula kinakuwa uji, na naweka kijiko chini kila tonge. Kunywa na kula ni saa mbalimbali, nusu saa baada ya chakula ndipo finjani inarudi. Wali unanikwaza. Mkate unaganda. Ugali tonge mbili basi.

Shangazi

Hili linahitaji ukurasa wake. Tumbo lilikatwa kwa muda usiozidi saa mbili. Shangazi amechukua miezi mitatu.

Alipika mchuzi wa kibua wa nazi akaniita kwake Makorora. Nikala vijiko viwili nikaweka mkono kifuani. Kimya. Akasema: "Mwanangu, mkono wangu umeuchoka?" Nikaogopa, nikala cha tatu na cha nne, nikatapika kwenye ndoo yake ya kuoshea samaki. Hapo akaamini. Siku hizi nikifika anauliza kabla ya salamu kwisha, "Vingapi leo?", nikisema vitano anapakua vitano na kuwatangazia waliopo kwamba vitano ndiyo vyake, asisumbuliwe. Nimepata wakili.

Kwenye shughuli za watu hakuna wakili. Sinia la watu wanne, mkono wako ukisimama wote wanaona. Nimesikia yote: anajidai, anaogopa kulishwa kitu, ana yake. Nimegundua kitu kimoja. Anayepakua hakaguliwi sahani. Sasa nikifika tu navua viatu naenda jikoni kwenye sufuria, nashika upawa, natoka jasho na wapishi mpaka wageni wamalize. Naondoka na sifa na kifurushi cha nyama laini.

Januari 2025. Kilo 98

Kiuno 43. Nimeshikiza mara ya tatu.

Nimefungua cherehani kusafisha nikakuta nywele zangu zimejizungusha kwenye bobini. Nilijua zinatoka, nilizikuta kwenye kitana na kwenye ushungi, lakini kuzikuta zimesokotwa na uzi mweupe wa gauni la bibi harusi kumeniumiza. Mwezi wa tatu hadi wa sita ndio wakati wake: mwili ulishtuka, ukazipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, sasa zinaanguka kwa pamoja. Shina halijafa. Protini, chuma, subira.

Na maneno mtaani. Kwetu kupungua kuna jina zuri na jina baya. Ukiambiwa umepungua ni heri. Ukiambiwa umekonda, mtu anaulizia kaburi. Wiki hii mteja wa siku nyingi kaniinamia: "Fundi, dawa siku hizi zipo, ukitumia vizuri unaishi miaka." Alikuwa ananifariji. Nikamshukuru. Ningemweleza tumbo lilivyokatwa asingeamini, na mwenye ugonjwa anaoufikiria hana cha kuonea aibu.

Februari

Shingo inauma kwa kuinamia kazi. Duka la dawa wakanipa diklofenaki kama pipi. Nimeirudisha: dawa za jamii hiyo zinaweza kuchimba vidonda kwenye tumbo hili, kwangu ni parasetamoli tu. Muuzaji kanitazama kama mjuaji.

Vidonge vya maisha: vitamini mchanganyiko, chuma, kalsiamu, sindano ya B12. Chuma na kalsiamu havipandi basi moja, nimeachanisha saa mbili. Na chai ya rangi inazuia chuma kuingia, hivyo chai nayo imehamishwa. Ratiba yangu ukutani ni ndefu kuliko ya swala.

Usiku mume wangu ananiamsha. Si kwa lolote, ni kwamba nimeacha kukoroma na yeye akishtuka kwenye kile kimya anadhani sipumui.

Machi. Ramadhani, kilo 91

Daktari kakataa katakata, mwaka huu hakuna kufunga. Lita moja na nusu kwa finjani haiingii kati ya magharibi na alfajiri. Shehe naye hakunisumbua, mgonjwa anahesabu siku zake akipona, akalipa. Mwenye shida nilikuwa mimi. Sijawahi kula mchana wa Ramadhani, na mtaa wa Ngamiani hauna pa kujificha. Nikatundika kanzu za wateja, safu mbili, nyuma yake kigoda, finjani na kikopo cha mtindi. Saa nne, saa saba, saa tisa nazama nyuma ya kanzu. Binti yangu wa miaka tisa, anayefunga mpaka adhuhuri, kaniambia, "Mama, unakula kama mwizi."

Na huu ndio mwezi wa kazi. Watu wote wanataka nguo za Idi, nimekaa saa kumi kwa siku. Zamani magoti yalinizuia ifikapo asri. Mwaka huu sikuyasikia, nikaja kukumbuka kwamba nina magoti usiku wa 27.

Sukari asubuhi: 5.9. Vidonge vya presha vilikuwa viwili, kimebaki kimoja.

Juni

Kusi linavuma na mimi nasikia baridi. Tanga! Navaa sweta la shule la binti nikiwa dukani. Mafuta yaliyonifunika yameondoka.

Ngozi haijaondoka. Tumbo linaning'inia kama pindo lililoachiwa, na kwenye mkunjo joto likija kunachubuka. Nimejishonea mkanda mpana wa kanga kuukuu iliyolainika, tabaka mbili, ninazo saba, nafua kila siku. Fundi mwenzangu aliponiuliza ni za nini nikamwonyesha. Alikaa kimya halafu akanisaidia kupima wa nane uwe mpana zaidi nyuma.

Kiungulia kimeanza, usiku. Tumbo jembamba lina presha kubwa ndani na asidi inapanda. Ni kasoro inayojulikana ya upasuaji huu, kuna watu wanakuja kugeuziwa mwingine kwa sababu yake. Mimi nimerudishiwa dawa ya asidi, na chakula cha mwisho ni magharibi.

Agosti. Kilo 83, njaa

Imerudi. Nilikuwa napiga pasi suruali, nikasikia kitu tumboni, nikasimama nikiwa sijui ni nini. Njaa yenyewe, ya kitoto. Nikafurahi dakika moja, halafu nikaogopa.

Na niandike ukweli, maana shajara ya vipimo vya uongo haina kazi. Wiki sita hizi kuna kashata kwenye droo ya nyuzi. Wali unanikwaza, nyama inanikwaza, kashata haikwazi. Inayeyuka, inateremka, haijazi. Kipande saa tatu, kipande saa tano, na mizani imekwama tena 83, na safari hii hakuna maji ya kusingizia. Tumbo lilipunguzwa, droo ipo vilevile. Nimemwambia mtu wa lishe kwa simu. Hakunigombeza. Kaniuliza tu nakula saa ngapi chakula cha mchana, nikagundua kwamba sili, nashona. Kwenye droo sasa kuna vifungo na nimeweka saa ya kuniamsha: saa saba, mayai mawili au samaki, nimekaa chini, cherehani kimefunikwa.

Kashata nimewapa watoto wa madrasa. Nimebakisha moja. Nimeila.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Kilo 81. Kifua 42, kiuno 37, nyonga 44. Kwa hesabu ya daktari bado nimo kwenye unene, 32 na kitu, na yeye ameridhika kuliko mimi. Sukari 5.8 kwa kidonge kimoja tu. Chuma kiko chini kidogo, dozi imeongezwa. Nywele mpya zimesimama mbele ya paji kama brashi.

Gauni nimelivaa. Kiuno kimekaa, lakini mabega yameteremka mpaka katikati ya mkono na kwapa limefika mbavuni. Kushikiza ubavu hakutoshi tena, nguo iliyopunguzwa inchi 13 kiunoni si ya kushikiza, ni ya kufumua yote na kukata upya. Nimefumua. Chini ya mishono kitenge bado kina rangi ya dukani.

Nimechora kwa chaki nikaacha akiba inchi mbili kila upande. Kawaida yangu ni moja. Mume wangu kapita, kaona, hakusema kitu, na mimi sikufuta. Nikakata.

Kitambaa kilichobaki kimetosha sketi ya mtoto wa dada yangu, miaka saba. Amelalamika haina mifuko.